Noti ya elfu moja iliyogongwa wino mwekundu ikawa bilioni

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo. Wanachama kadhaa waliomba maandishi, nimeyaandika karibu vilevile nilivyosema.)

Asante mwenyekiti na kamati kwa nafasi hii. Wazee wangu shikamooni, dada na kaka habari za mchana. Mwenyekiti aliniambia ongea chochote kuhusu hizo pesa za zamani unazokusanya, mimi nikachagua noti moja tu maana hiyo moja inatuhusu sana sisi watu wa kuweka akiba. Nimeileta, ipo ndani ya plastiki, naipitisha kuanzia meza ya mbele, iangalieni kwa mwanga halafu mpeane.

Hiyo ni noti ya Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani ya wakati ule. Tafuta tarehe, utaona Berlin, 15 Desemba 1922. Thamani iliyochapwa kwanza ni mark 1000. Huyo mzee kwenye picha anaitwa Jörg Herz, alikuwa msimamizi wa kufua sarafu karne ya 16, alichorwa na mchoraji Georg Pencz. Yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha sarafu ina uzito unaotakiwa na madini safi ndiyo sura waliyoweka pale. Halafu sasa, juu ya yote hayo, imepita chapa nyekundu yenye maneno Eine Milliarde Mark. Mark bilioni moja. Ieleweke kabisa kwamba milliarde yao ndiyo bilioni yetu, sifuri tisa, na wao wakisema Billion ni trilioni yetu, kwa hiyo leo natumia hesabu yetu tu tusije tukachanganyana.

Karatasi ni ileile, sahihi za wakubwa wa benki ni zilezile, tarehe haikubadilishwa, kilichoongezeka ni wino mwekundu na thamani ikazidishwa mara milioni moja.

Kwa nini walifanya hivyo? Noti nzuri ni kazi ndefu jamani. Kuna mtu wa kuchonga bamba, kuna karatasi maalum yenye alama ya maji ndani, kuna rangi, kuna namba, na hii ya elfu moja waliiandaa mwishoni mwa 1922 wakiamini itatumika kama noti nyingine yoyote. Wakati huo dola moja ilikuwa mark kama 7,600 hivi kwa hiyo elfu moja ilikuwa na thamani ya senti 13 za dola, siyo pesa ya maana lakini unanunua kitu. Ila bei zilikimbia kuliko mashine, mzigo ukabaki stoo, na ilipofika Septemba 1923 dola moja ilikuwa inacheza kwenye wastani wa mark milioni 98 na ushee, sasa noti ya elfu moja utampa nani? Kuichoma ni hasara, kuchonga bamba jipya ni wiki kadhaa na wiki kadhaa hawakuwa nazo. Wakairudisha kwenye mashine, ikapita mara moja tu chini ya wino mwekundu, ikatoka bilioni. Haraka ilikuwa kubwa kiasi kwamba zipo zilizogongwa kichwa chini miguu juu na zikaondoka hivyohivyo.

Naomba tuifuate noti hii moja ilivyoishi, maana hesabu kubwa za sifuri zinachosha ila maisha ya noti moja unaweza kuyashika. Septemba 1923 inapotoka, kwa wastani wa mwezi ule, ilikuwa na thamani ya kama dola 10. Siyo haba, dola 10 za wakati ule zilikuwa pesa. Oktoba wastani wa dola ukawa mark bilioni 25, noti yetu ikashuka ikawa senti 4. Tarehe 5 Novemba posta ya Ujerumani ilitangaza kwamba barua ya kawaida ya ndani ya nchi ni mark bilioni moja, maana yake noti hii nzima, na mzee Herz wake, inatuma barua moja. Wiki moja baadaye, tarehe 12, barua ileile ni bilioni 10. Tarehe 20 ni bilioni 20. Tarehe 26 ni bilioni 80, unahitaji noti 80 kama hiyo mliyoshika kumtumia mama yako barua. Na tarehe 20 Novemba dola moja ilisimama kwenye mark trilioni 4.2, kwa hiyo noti 4,200 za bilioni moja moja ndiyo dola moja. Kutoka dola 10 mpaka hapo ni kama miezi miwili na nusu hivi.

Na posta wenyewe walikuwa wanafanya yaleyale, stempu za zamani zinagongwa thamani mpya juu, za mark 200 zinaandikwa milioni, na watu walikuwa wanabandika stempu mbele na nyuma ya bahasha mpaka nafasi inaisha.

Sasa habari hii ikisimuliwa mara nyingi inasimuliwa kama vile Wajerumani walirukwa na akili mwaka mmoja, mikokoteni ya pesa, watoto wanajengea mabunda ya noti, basi, tunashangaa tunaenda zetu. Mimi nimekaa na noti hizi muda mrefu na sikubaliani na usimulizi huo. Ile chapa nyekundu haikuwa wazimu. Ilikuwa bili. Bili ya vita iliyokuwa inatafuta mtu wa kulipa tangu 1914, na kila hatua kuna msomi mwenye madaraka aliyeamua isimfikie fulani, imfikie mwingine, mpaka ikaishia kwa mtu aliyeweka akiba.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya vita dola moja ilikuwa mark 4.20, mark inabadilishwa kwa dhahabu, mtu mwenye mark 1000 ana kitu cha kama dola 238. Agosti 1914 vita inaanza, tarehe 4 Bunge likapitisha sheria, kubadilisha noti kwa dhahabu kukasimamishwa, na hati za mkopo za serikali zikaruhusiwa kuhesabiwa kama dhamana ya noti. Yaani serikali inaandika karatasi kwamba nitalipa, inampa Reichsbank, Reichsbank inachapa noti ikisema noti hii ina dhamana, ukiuliza dhamana gani unaonyeshwa ile karatasi ya nitalipa. Mlango ulifunguliwa pale, miaka tisa kabla ya wino mwekundu.

Na hapa anaingia mtu ambaye sisi wa huku tunapaswa kumjua, anaitwa Karl Helfferich. Huyu alikuwa mchumi wa pesa, msomi kwelikweli, na kabla ya vita alifanya kazi idara ya makoloni Berlin ambako alishughulikia mageuzi ya pesa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ule mpango wa 1904 wa rupia moja kugawanywa heller 100 badala ya pesa 64 (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo ya zamani), na rupia 15 kuwa sawa na mark 20, yeye ndiye alikuwa kwenye maandalizi yake. Kwa hiyo babu zetu walioshika heller zenye tundu katikati walishika kazi ya mkono wake.

Januari 1915 Helfferich anakuwa mkuu wa hazina ya Ujerumani, vita imepamba moto, na anaamua namna ya kuilipia. Waingereza walipandisha kodi sana, Wajerumani wakategemea mikopo, na Helfferich alilieleza Bunge kwamba mzigo huu wa mabilioni waje kuubeba wale walioanzisha vita, maana yake maadui, tukishinda watalipa. Wakauza hati fungani za vita kwa wananchi mara tisa, jumla kama mark bilioni 98. Walimu, wajane, mafundi, makasisi, hata watoto wa shule walikusanya vijisenti vyao. Riba asilimia 5, serikali ndiyo mdhamini, ukinunua unaonekana mzalendo. Watu waaminifu ndio walionunua nyingi zaidi, hilo linaniuma kila nikilisoma, maana mjanja alinunua shamba.

Wakati huohuo huku kwetu Waingereza walifunga bahari, noti nzuri zilizokuwa zinachapwa Leipzig hazifiki tena, na serikali ya Kijerumani inahitaji kulipa askari, wapagazi na wenye vyakula. Kuanzia 1915 benki yao ya Dar es Salaam ikatoa noti za muda zilizochapwa hapahapa, karatasi yoyote inayopatikana, sahihi za mkono. Tabora mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu, wakafua heller 5 na heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakatoa ile sarafu ya rupia 15 yenye tembo ambayo leo wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba. Ilipofika 1917 jeshi linarudi kusini porini, noti zikawa zinapigwa kwa herufi za mpira, seti ya kuchapia ya kuchezea watoto, kikaratasi kidogo kimeandikwa rupia moja, muhuri, basi. Novemba 1917 kamanda wa jeshi hilo la Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, na watu wake walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji. Mkulima wa Masasi aliyetoa mtama wake akapewa hicho kikaratasi, aliyemwahidi ameshavuka mto. Kwa hiyo karatasi ya dharura ilifika kwetu mapema kuliko Berlin, na babu zetu walijua maana yake bila kusoma gazeti.

Vita wakashindwa, hakuna adui wa kumbebesha bilioni zile, badala yake wao ndio wakaandikiwa fidia, mwaka 1921 kule London ikatajwa mark za dhahabu bilioni 132. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema fidia ndiyo iliyoua mark. Ilichangia, sikatai, kila malipo yalidai fedha za kigeni na mark ikauzwa ili zipatikane. Lakini bajeti ilikuwa imetoboka tangu vita, kodi haikutosha matumizi na hakuna chama kilichotaka kumwambia tajiri wala mfanyakazi lipa, kwa hiyo kila mwezi hati za mkopo zinapelekwa Reichsbank na noti zinatoka. Juni 1922 waziri wa mambo ya nje Walther Rathenau akauawa barabarani Berlin, imani iliyobaki ikakatika, mark ikaanza kuporomoka vibaya. Tarehe 11 Januari 1923 Wafaransa na Wabelgiji wakaingia na majeshi bonde la Ruhr, kule kwenye makaa ya mawe na chuma, wakisema fidia haijaletwa. Serikali ya Berlin ikawaambia wafanyakazi gomeni, mshahara tutawalipa sisi. Sasa fikiria, eneo lenye makaa na viwanda halizalishi, na watu wake wote wanalipwa, pesa inatoka wapi? Mashine. Mgomo ule ulisitishwa tarehe 26 Septemba, mwezi uleule ambao noti yetu iligongwa chapa.

Rais wa Reichsbank alikuwa Rudolf Havenstein, mwanasheria, mtu wa heshima, hakuiba hata senti. Mwaka 1922 sheria ilipitishwa, washindi wa vita walishinikiza, kwamba Reichsbank iwe huru, serikali isiiamuru. Alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Hakusema. Yeye aliamini bei zinapanda kwa sababu ya fidia na kuanguka kwa mark nje ya nchi, na kwamba kazi yake ni kuhakikisha uchumi haukosi noti za kufanyia malipo. Agosti 1923 alisimama mbele ya wakubwa akawaeleza kwamba siku si nyingi benki yake itaweza kutoa kwa siku moja kiasi kinachofikia theluthi mbili za noti zote zilizomo kwenye mzunguko. Alilisema kama mafanikio ya kazi! Na kweli kazi ilifanyika, viwanda vya karatasi zaidi ya 30, makampuni ya uchapaji zaidi ya 130, mashine zaidi ya 1,700 usiku na mchana, noti nyingine zinachapwa upande mmoja tu nyuma nyeupe ili kuokoa muda. Na bado noti hazikutosha.

Hazikutosha kivipi wakati zimejaa? Kwa sababu bei zilipanda haraka kuliko noti. Mkate Berlin mwisho wa 1922 ulikuwa kama mark 160, mwishoni mwa 1923 ni bilioni 200. Kiwanda kinataka kulipa mishahara, kinatuma watu benki na masanduku na vikapu vya kufulia, wanafika benki wanaambiwa zimeisha. Mfanyakazi analipwa kila siku, baadaye hata mara mbili kwa siku, mke anasubiri getini achukue pesa akimbie dukani kabla bei haijabadilishwa. Ikakosekana siku moja ni njaa.

Ndiyo maana miji, makampuni, reli, migodi, wakaanza kuchapa pesa zao za dharura, wenyewe wanaita Notgeld. Haikuwa kitu kipya, ilianza 1914 sarafu zilipofichwa, na baada ya vita ikawa hata biashara ya kuwauzia wakusanyaji, vinoti vyenye michoro ya hadithi za mji, mji wa Bielefeld ambao ni mji wa nguo ulitoa za hariri na kitani zenye kingo zilizoshonwa, nzuri mno, naonyesha moja baadaye. Julai 1922 serikali ilipiga marufuku kwa sheria. Haikukaa, mwaka huohuo uhaba uliwalazimisha waruhusu tena, na 1923 waliozitoa walikuwa maelfu. Na kule mijini chapa ya juu ndiyo ilishamiri hasa, maana halmashauri ina mabaki ya noti zake za 1918 au 1922 kabatini, mchapaji wa gazeti la mji anaitwa, au hata muhuri wa mpira tu, noti ya mark 50 inakuwa milioni kadhaa, karani anapiga sahihi, asubuhi mishahara inalipwa. Kuna noti nimeziona zimegongwa mara mbili, chapa juu ya chapa, ya kwanza imefutwa kwa mstari. Noti ya mji huu mji wa pili hawaitaki. Na kampuni ilipata faida ya ajabu, inamlipa mtu leo kwa noti yake yenyewe, noti inarudi baada ya wiki tatu ikiwa haina thamani, yaani kampuni imepata kazi ya mtu bure kabisa. Wengine walitoa bila hata kibali.

Nani alifaidika kwa jumla? Mwenye deni. Hili naomba tulisikilize vizuri sisi tunaokopeshana. Reichsbank ilikopesha wafanyabiashara wakubwa kwa riba ya asilimia 5 tu mpaka Julai 1922, wakati bei zinapanda kwa mbali zaidi ya hapo, ilipofika Septemba 1923 riba ni asilimia 90 na bado ilikuwa ni zawadi. Hugo Stinnes, tajiri wa makaa ya mawe, alikopa akanunua migodi, viwanda, meli, magazeti, hoteli, halafu anarudisha deni kwa mark ambazo ni takataka, watu wakamwita mfalme wa mfumuko wa bei. Mwenye shamba aliyekuwa na rehani ya mark 10,000 tangu kabla ya vita, ilipofika Septemba 1923 deni lote halinunui mkate mmoja, anakulipa na risiti unampa. Na mdeni mkubwa kuliko wote alikuwa serikali yenyewe. Deni lake la ndani la vita, mark bilioni 154, lilipopimwa katikati ya Novemba 1923 lilikuwa na thamani ya pfennig 15 na kitu za 1914. Pfennig, senti zao. Zile hati fungani tisa za uzalendo, bilioni 98, pesa ya walimu na wajane wa nchi nzima ukiikusanya pamoja haifiki bei ya mkate ule wa bilioni 200. Nusu mkate!

Kwa hiyo mtu akiniuliza vita ya Ujerumani ya 1914 ililipwa na nani, mimi nitamwambia ililipwa na mwenye kitabu cha benki, bima ya maisha, pensheni na hati fungani. Hakupigiwa kura, hakuandikiwa barua ya kodi. Aligongewa wino mwekundu juu ya pesa yake akiwa amelala. Kodi angeiona na angeigomea, na hao waliogopa kumtoza tajiri kodi mchana wakamtoza mjane usiku. Nimelisema kwa hasira, ni kweli nina hasira nalo, miaka mia imepita lakini hasira yangu ni ya haki.

Iliishaje? Jambo la ajabu, iliisha karibu kwa siku moja. Wazo la kwanza lilitoka kwa nani? Helfferich, yuleyule, alipendekeza mark ya kupimwa kwa nafaka ya shayiri nyeusi, rye. Waziri wa fedha Hans Luther akalibadilisha, ikawa Rentenmark, pesa iliyoegemezwa kwenye rehani ya ardhi na viwanda vyote vya nchi. Tarehe 12 Novemba akateuliwa kamishna wa fedha, Hjalmar Schacht, akapewa kichumba cheusi wizarani kilichokuwa stoo ya vifaa vya usafi, ana simu, ana katibu mmoja, anapiga simu na kuvuta sigara kutwa. Tarehe 15 Novemba Rentenmark ikatoka, moja sawa na mark za karatasi trilioni moja. Hakuna mtu aliyeweza kwenda benki na Rentenmark akapewa kipande cha shamba, ardhi ile ilikuwa jina tu. Kilichofanya kazi ni kwamba kiasi kiliwekewa kikomo, bilioni 3.2, na siku ileile Reichsbank ikaacha kupokea hati za mkopo za serikali. Mlango uliofunguliwa Agosti 1914 ukafungwa. Mwezi huohuo Reichsbank ikakataa na Notgeld, makampuni yakapiga kelele, Schacht hakutikisika. Watumishi wa serikali kwa maelfu wakaachishwa kazi, hiyo nayo ilikuwa bili na ilikwenda kwa watu. Havenstein alifariki tarehe 20 Novemba, siku ileile dola iliposimama kwenye trilioni 4.2. Helfferich alikufa kwenye ajali ya treni Bellinzona Aprili 1924.

Mwenye akiba je? Wanasheria walishikilia kwamba mark ni mark, uliyekopa mark 13,000 mwaka 1913 ukileta mark 13,000 za 1923 umelipa. Mpaka tarehe 28 Novemba 1923 mahakama ya juu ya Ujerumani ilipotoa hukumu kwamba hapana, hii ni kinyume cha uaminifu, mkopeshaji hawezi kulazimishwa kupokea takataka. Na kesi yenyewe ilihusu rehani ya nyumba ya Lüderitz, kule Namibia ya leo. Majaji walisema jambo ambalo serikali haikutaka kulisikia.

Basi wenye akiba wakajipanga, wakaunda vyama, wakaandamana, wakaandika barua bungeni. Sheria ikaja tarehe 16 Julai 1925. Mwenye rehani alirudishiwa asilimia 25 ya thamani ya dhahabu, na mtaji wenyewe hakuruhusiwa kuudai kabla ya 1932. Mwenye hati fungani za serikali alipewa asilimia 2.5, na kama aliweza kuonyesha kwamba alizinunua mwenyewe na hakuziuza kipindi chote kile basi aliingizwa kwenye kura, bahati nasibu ya serikali ya kila mwaka, jina lako likitoka unalipwa kufikia asilimia 12.5, na kura hizo zilipangwa kuchezwa kwa miaka 30. Aliyenunua hati yake 1916 akiwa na miaka 60 piga mwenyewe hesabu ya lini jina lake lingetoka. Mwaka 1928 chama chao cha kudai kurudishiwa thamani kilipata viti viwili bungeni.

Noti za hariri za Bielefeld ziko meza ya pembeni kulia, njooni mzione wakati wa chai, na maswali nayapokea sasa.